Kinanda cha analogi pwani ya Tanga: bisibisi iwe ya mwisho

Kinanda cha analogi kikitoka kwenye tuni, watu wengi hukimbilia bisibisi. Kifuniko kinafunguliwa, trima ndogo za bluu kwenye bodi (rezista za kurekebishwa kwa bisibisi) zinazungushwa moja baada ya nyingine, noti moja inakaa, tatu zinapotea, na ikifika magharibi hakuna anayekumbuka trima ipi ilikuwa wapi. Pwani hii chanzo mara nyingi ni joto, chumvi au umeme, na katika hivyo vitatu hakuna kinachotibiwa kwa trima. Kwa hiyo tuanze navyo, bisibisi tutaishika baadaye.

Kabla ya yote jua ulicho nacho. Vinanda vingi vinavyopigwa kwenye harusi za Ngamiani na kwenye kwaya ni vya kidijitali, ndani hamna cha kurekebisha. Yamaha DX7 ya 1983 ni ya kidijitali mwanzo hadi mwisho; ikilia nje ya tuni basi kuna mtu kachezea mipangilio, rudisha tuni kuu mahali pake ukalale. Roland Juno-60 na Juno-106 ziko katikati: sauti ni ya analogi, lakini kasi ya osileta zote (saketi zinazozalisha mtetemo wa sauti) inagawanywa kidijitali kutoka kwenye kipima mapigo kimoja cha kielektroniki, kwa hiyo noti hazipishani. Juno-106 ikikoroma au sauti moja ikikatika, shida si tuni, angalia aisii (chipu) za 80017A ambazo zimezoeleka kufa. Makala hii inahusu vile ambavyo osileta yake inaendeshwa na volti: Minimoog (1970 hadi 1981), Korg MS-20 na Prophet-5 za 1978, Korg Polysix ya 1981, Roland SH-101 ya 1982, na ndugu zao.

Joto

Katika vingi vya vinanda hivi volti 1 ni oktavi 1. Oktavi ina nusu toni 12, kwa hiyo nusu toni moja ni milivolti 83.3. Nusu toni ina senti 100, basi milivolti 1 ni kama senti 1.2. Ziweke kichwani hesabu hizo, tutazirudia.

Kazi ya kugeuza volti kuwa kasi ya mtetemo hufanywa na jozi ya transista zilizolinganishwa. Ikifika kwenye transista zenyewe, oktavi moja ni kama milivolti 18 tu pale joto linapokuwa nyuzi 27. Na hizo 18 hazikai hivyo: kila nyuzi 1 inayoongezeka, transista inadai asilimia 0.33 zaidi ili kutoa oktavi ileile. Isipopewa, oktavi inasinyaa. Noti iliyo oktavi 3 juu ya ile isiyosogea, yaani senti 3600, inashuka karibu senti 12 kwa kila nyuzi moja. Sasa chukua siku ya kaskazi ambayo alfajiri ni nyuzi 24 na saa nane mchana ni 32. Tofauti ni nyuzi 8, sawa na senti 96. Umetuni asubuhi, mchana noti za juu zimeshuka nusu toni kasoro kidogo, na hakuna aliyegusa kitu.

Watengenezaji walilijua hilo. Waliweka karibu na ile jozi rezista maalumu ambayo ukinzani wake unapanda na joto kwa kiasi hichohicho, sehemu 3300 hadi 3500 kwa milioni kwa kila nyuzi. ARP walitumia Tel Labs Q81. Rezista hiyo inafanya kazi ikiwa tu inapata joto lilelile la transista, kwa wakati uleule, na ndiyo maana ililazwa juu yake na kupakwa uji mweupe wa kupitisha joto. Baada ya miaka 40 uji umekuwa chokaa. Rezista imeinuka, hewa imeingia katikati, na transista ikipata joto sasa rezista inakuja kujua baadaye. Dalili yake huwezi kuikosa: feni ikigeuka kuelekea kinanda sauti inasogea, halafu inarudi taratibu yenyewe.

Jaribio rahisi: kinanda kikiwa kimewaka na noti imeshikiliwa, puliza pumzi kidogo kwa mrija wa plastiki juu ya jozi ile. Ikiwa sauti inasogea senti chache na kurudi ndani ya sekunde chache, mshikamano upo. Ikiwa inakimbia na kukaa huko, safisha chokaa yote kwa spiriti, paka uji mpya kiasi cha punje ya mtama, laza rezista iguse kabisa mwili wa transista na uifunge kwa kamba nyembamba ya plastiki. Kama rezista yenyewe imekufa, mbadala wa kilo-om 1 au 2 wa 3300 hadi 3500 bado unatengenezwa. Lakini lingana na thamani ya ile iliyotoka. Ukiweka rezista ya kawaida kinanda kitalia vizuri kabisa mpaka jua litoke.

Aisii ya CEM3340, iliyomo kwenye SH-101 na Prophet-5 za toleo la tatu, ina fidia ya joto ndani yake, haihitaji rezista hiyo. Ikifa, AS3340 ya Alfa wa Latvia inakaa kwenye miguu ileile, ila lazima trima zake zote zianze upya. Jihadhari na CEM3340 za bei ya kutupa mtandaoni: nyingine ni aisii tofauti zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya.

Kuhusu chumba, washa kinanda dakika 30 kabla ya kugusa tuni, kifuniko kikiwa kimefungwa. Kikae mbali na dirisha la jua na kisipulizwe na feni moja kwa moja. Usikiweke juu ya amplifaya. Kama una kiyoyozi, kiweke nyuzi 26 na ukiache hapohapo. 18 kwa saa moja halafu kuzima ni kukitesa kinanda. Na kinanda kikipelekwa kupiga Lushoto usiku wa mwezi wa saba, kubali kwamba kitatuniwa upya kule kule, kwani milimani ni baridi kwa nyuzi 10 na zaidi kuliko hapa.

Hatari nyingine ya kiyoyozi ni umande. Kinanda kilichopoa kwenye gari lenye kiyoyozi, kikifunguliwa ghafla pale Raskazone wakati wa masika, kinavuta maji ya hewani hadi kwenye bodi. Kiache ndani ya begi lake saa nzima kabla ya kukifungua. Maji hayo ndiyo yanayoiamsha chumvi.

Chumvi

Hapa ndipo pwani inapotofautiana na vitabu vya ufundi, ambavyo viliandikwa kwa vyumba vikavu vya Marekani na Japani. Chumvi inakaa kama ukungu usioonekana juu ya bodi, na kukiwa kikavu haina neno. Unyevu ukipanda, ule ukungu unapitisha umeme. Umeme unaopita ni mdogo sana, lakini saketi ya osileta kwenye noti za chini kabisa nayo inaendeshwa na mkondo mdogo sana, kwa hiyo uvujaji kidogo tu unaharibu hesabu. Ndiyo sababu kinanda cha pwani huanza kupotea kwenye besi wakati wa mvua, na noti za juu zikabaki salama.

Kuna mahali pengine panapovuja vilevile. Kinanda kinachopiga noti moja moja huhifadhi volti ya kibonye cha mwisho kwenye kapasita ndogo (kihifadhi chaji ya umeme), ili ukiachia kidole noti iendelee kulia mahali pake inapofifia. Kapasita hiyo ikivuja, noti ikiachiwa inateleza taratibu kama mtu anavuta bendi (gurudumu la kupinda sauti), juu au chini. Watu hubadilisha aisii, wakabadilisha kapasita, kumbe ni uchafu wa lehemu wa zamani uliokunywa chumvi kuzunguka miguu ya kapasita. Sugua upande wa chini wa bodi kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudia, kisha acha ikauke saa kadhaa. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi mno kwa kazi hii, na ile ya rangi inaacha utando. Ukipima volti hiyo, pima baada ya aisii inayoipokea, usiguse kapasita yenyewe: mita ya megaom 10 inatosha kuimwaga mbele ya macho yako ukadhani umegundua ubovu.

Kibodi nayo ina lugha yake. Katika vinanda vya zamani kama Minimoog, volti inatoka kwenye mlolongo wa rezista, na kila kibonye kinachota mahali pake kwa mguso wa waya. Piga noti zote kutoka chini kwenda juu huku mita ikiwa kwenye volti ya kibodi, na uandike. Ikiwa noti moja tu imekosea, au inakosea leo na kesho iko sawa, mguso wa kibonye hicho umeota kutu. Ikiwa noti zote kuanzia mahali fulani kwenda juu zimesogea kwa kiasi kimoja, rezista iliyo kwenye mpaka huo imebadilika thamani. Kosa likikua polepole noti hadi noti, kipimo cha oktavi ndicho kilichopotea, na hilo ni la trima. Zikisogea zote sawasawa, angalia tuni kuu au gurudumu la bendi ambalo halirudi katikati. Dakika kumi za kuandika zinakuokoa siku nzima ya kubahatisha.

Miguso ya kutu isafishwe kwa kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa spiriti, ukikipitisha katikati ya waya na mhimili wake mara kadhaa. Msasa usikaribie hapo. Waya una ngozi nyembamba ya madini mazuri, na ukishaikwangua kutu inayofuata inakuja baada ya wiki. Nobu zinazokwaruza, hasa ya TUNE, zinapulizwa DeoxIT (dawa ya kusafisha miguso) kidogo ndani na kuzungushwa mara 20. WD-40 ipo kila duka la vipuri na kila fundi anayo, lakini mahali pake si hapa: inaacha mafuta, na mafuta yanashika vumbi.

Aisii zilizo kwenye soketi zitolewe moja moja na kurudishwa, umeme ukiwa umezimwa. Kitendo hicho pekee kinakwangua kutu ya miguu na kuponya kinanda mara nyingi kuliko mafundi wanavyopenda kukiri. Soketi za bei rahisi zenye mdomo bapa badilisha ziwe za shimo la mviringo.

Betri nayo. Polysix ina betri ya nikeli ya volti 3.6 kwenye bodi ya KLM-367, na ikizeeka inatapika dawa inayokula njia za shaba. Kinanda kinaanza kupiga noti usizopiga au kunyamaza. Kama unanunua Polysix, fungua uione bodi hiyo kabla hujatoa hela. Ikiwa betri bado haijavuja, itoe leo. Ikiwa imevuja, futa kwa siki nyeupe kwenye pamba hadi povu liishe, suuza kwa maji yaliyochujwa, halafu spiriti, halafu kausha. Ukiweka betri ya lithiamu badala yake, ni lazima uzuie njia ya kuchaji kwa dayodi, kwa sababu betri ya lithiamu ya kawaida haichajiwi.

Kuhifadhi: begi, mifuko miwili mitatu ya silika ya gramu 50, na kukiwasha angalau saa moja kwa wiki ili joto lake lenyewe liufukuze unyevu. Silika ikibadilika rangi irudishe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Naftalini ya kabatini usiiweke. Mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki, na kapasita za polistairini zilizomo kwenye osileta ni miongoni mwa zinazoumia. Mende wanapenda sana kinanda chenye joto, basi ziba matundu yasiyo ya kupitisha hewa.

Umeme

Kila volti ya tuni inapimwa kutoka kwenye volti ya ugavi wa ndani. Ugavi ukiyumba, kila kitu kinayumba. Kwa hiyo kabla ya trima yoyote ya osileta weka mita kwenye ugavi: vingi vina +15 na -15, Minimoog ina +10 na -10, na kitabu cha chombo chako kitakuambia. Kukosea volti 0.05 si tatizo iwapo imetulia. Tatizo ni ikicheza. Kisha weka mita upande wa AC: ikisoma zaidi ya milivolti 5 kwenye ugavi wa DC, kapasita kubwa za kuchuja zimekauka. Badilisha kwa zinazostahimili joto la nyuzi 105, thamani ileile, volti ileile au zaidi, na uangalie alama ya hasi mara mbili. Upande wa umeme mkubwa ni volti 230 na unaua: chomoa waya, subiri dakika kadhaa, pima kapasita kubwa kabla hujaingiza kidole.

Jioni, watu wote wakiwasha majiko na mafeni, umeme unaweza kushuka hadi 190. Hiyo ni asilimia 17 chini. Regyuleta (saketi inayotuliza volti ya ugavi) ya volti 15 inataka kama 17.5 ziingie ili itoe 15 safi. Zikipungua, mngurumo wa Hz 100 unapenya na sauti inatetemeka. Trima haisaidii hapo, stebilaiza inasaidia. Iwe ya VA 500 kwa kinanda na vifaa vyake vidogo. Ile inayogeuza kwa rilei hufanya kazi, ila kila inapobadilisha gia kuna mruko, basi usituni dakika ambayo inagonga gonga.

Vinanda vilivyotoka Japani ni vya volti 100. Mtaani vinauzwa na transfoma ya 230 kwenda 110, na muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Si kimoja. Umeme ukipanda hadi 245, transfoma hiyo inatoa 117, na kinanda cha 100 kinabeba asilimia 17 ya ziada ambayo yote inageuka joto kwenye regyuleta, ndani ya boma lilelile lenye osileta. Tafuta transfoma ya 100 kamili, VA 100 inatosha kwa kinanda kimoja.

Sasa bisibisi

Vifaa: bisibisi ya plastiki au ya seramiki, kwa kuwa ya chuma ikigusa njia mbili imeunguza; mita inayosoma milivolti 1 hadi volti 5 au 6; na kipimo cha tuni, hata cha simu. Angalizo la mita: zile za bei ndogo zikiwa kwenye kipimo cha volti 20 zinasoma kwa hatua ya milivolti 10, ambayo ni senti 12. Kwa kazi hii ni kipofu. Angalizo la simu: wimbi la msumeno lina sauti nyingi za juu na programu huchanganyikiwa, hasa chini ya Hz 60. Tumia wimbi la pembetatu au funga filta kiasi.

Chora bodi kwenye karatasi na uweke alama ya kalamu kwenye kila trima kuonyesha ilipo. Zima bendi, portamento (kuteleza kutoka noti hadi noti), LFO (osileta ya polepole inayotikisa sauti) na usawazishaji wa osileta. Acha osileta ya kwanza peke yake, swichi ya oktavi ikiwa futi 8. Piga picha ya kila kitu.

Kwanza kibodi: kwenye kinanda cha volti 1 kwa oktavi, do hadi do inayofuata iwe volti 1.000, na hitilafu isizidi milivolti 1 au 2. Ikishakaa, ndipo osileta.

Piga noti ya la (A) ya Hz 110 na usome senti. Piga la ya Hz 440 na usome. Tuseme ya chini imesoma +4 na ya juu +22. Tofauti ni senti 18 kwa oktavi mbili, 9 kwa kila moja, yaani oktavi imetanuka. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanairudisha ya juu kwenye sifuri, ya chini inahama, wanairudisha ya chini, ya juu inahama, na hawamalizi. Achana na sifuri. Zungusha trima iliyoandikwa SCALE, WIDTH au OCTAVE, robo ya mzunguko kila mara, mpaka noti zote mbili zisome namba moja, hata kama ni -7 na -7. Zikifanana, oktavi ni sahihi. Ndipo chukua trima ya TUNE au RANGE na uzipandishe zote mbili senti 7 kwa pamoja. Kazi imekwisha kwa osileta hiyo, kasoro noti za juu.

Noti za juu zina ugonjwa wake. Wimbi la msumeno linapofika kileleni lazima kapasita imwagwe ianze upya, na kumwaga kunachukua muda. Tuseme sekunde moja kugawa milioni. Kwenye Hz 500 muda huo ni asilimia 0.05 ya mzunguko, chini ya senti 1, sikio halijui. Kwenye Hz 5000 ni asilimia 0.5, karibu senti 9, na hapo mwimbaji anakunja uso. Vinanda vingi vina trima ya kufidia, imeandikwa HF au HIGH FREQ. Iguse baada tu ya oktavi za kati kukaa, ukipiga 1760 na 3520. Kisha rudi 110 na 440 kwani zitakuwa zimesogea kidogo. Mizunguko miwili au mitatu. Kama chombo hakina trima hiyo kiache, wala usijaribu kuponya juu kwa kuharibu SCALE.

Lengo ni senti 2 kati ya Hz 110 na 880, na senti 5 nje ya hapo. Anayetafuta sifuri kila mahali kwenye osileta ya 1975 anunue ya kidijitali.

Funga kifuniko, subiri dakika 10, pima tena. Kikiwa wazi ndani kumepoa, na tuni ya kifuniko wazi si tuni ya jukwaani.

Osileta ya pili ilinganishe na ya kwanza kwa sikio. Zipige pamoja na usikilize mawimbi ya kupishana: 440 na 441 zinapishana mara moja kwa sekunde, ambayo ni karibu senti 4. Ukipanda oktavi moja na mpishano ukaongezeka mara mbili kamili, osileta zote mbili zina oktavi sawa, nobu ya mbele tu ndiyo imezitenganisha. Mpishano ukifanya vinginevyo, SCALE ya mojawapo haijakaa.

MS-20 na Yamaha nyingi za CS zinafuata sheria nyingine: kasi inalingana na volti moja kwa moja, kila oktavi volti inazidishwa kwa 2. Huko kosa la milivolti chache halionekani juu lakini linaangusha besi, basi anza chini na trima ya sifuri kabla ya kupanda. Na Prophet-5, ambayo inajituni yenyewe ukibonyeza TUNE, usiibonyeze ikiwa baridi. Dakika 30 kwanza. Sauti moja ikiendelea kutoka nje hata baada ya hapo, mashine imefika mwisho wa uwezo wake wa kufidia na osileta hiyo ndiyo ya kufunguliwa.

Trima za kaboni za zamani zenye uso wazi zinaruka ukizigusa. Badilisha zote kwa za seramiki za mizunguko 25, ni bei ya soda chache, na hewa ya bahari haiziingii kirahisi. Kapasita ya osileta ikibidi kubadilishwa iwe polistairini, maika au seramiki ya daraja la C0G. Ile ya seramiki ya X7R itatembea na joto kuliko transista yenyewe. Polistairini inayeyuka haraka, shika mguu wake kwa koleo unapolehemu.

Mwisho ni kupiga na wenzako. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, bendi za taarabu, na taarabu ina vyombo ambavyo havirudi nyuma. Akodiani haituniwi jukwaani: ndimi zake zilishakatwa. Kwa hiyo 440 ya simu haina maana ikiwa la ya akodiani iko 442. Mwambie mpigaji achague rejista ya ulimi mmoja, avute mfuko kwa nguvu ya wastani, maana ukivutwa kwa nguvu sauti inashuka, kisha weka TUNE ya mbele hadi mpishano ufe. Udi, fidla na ganuni wachukue kutoka kwenye kinanda baada ya hapo. Mpigaji wa ganuni ana nyuzi 70 na kitu za kukaza, tatu tatu kwa noti, hivyo mpe la ya mwisho, ile ya baada ya dakika 30. Ukimpa ya dakika ya tano atazikaza zote mara mbili, na hatakuja tena kwenye bendi yako.